Siri Aliyofichwa Mwenyewe

Niliajiriwa kwa sababu ya mwandiko. Sikuwa na cheti cha uuguzi, sikujua kuchoma sindano, na nikiona damu miguu iliniisha nguvu. Lakini herufi zangu zilisimama kwenye mstari kama wanafunzi wa masista wakisubiri kengele, na mwaka 1991 hilo lilitosha kumtoa binti wa fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo na kumweka nyuma ya kaunta ya zahanati moja ya binafsi mjini Kigali. Sifa yangu ya pili ilikuwa Kiswahili. Dokta mwenye zahanati alipenda Kifaransa kiasi cha kumgombeza nacho hata mbwa wa mlinzi. Wagonjwa wengi walisema Kinyarwanda. Madereva wa malori na wafanyabiashara waliotoka Zaire walisema Kiswahili, cha kwao, lakini Kiswahili. Sisi wa Biryogo tulizaliwa nacho. Babu alikuja nacho kutoka pwani pamoja na majora ya vitambaa. Vitambaa viliisha.

Siku ya kwanza Dokta alinikalisha ofisini mwake akanipa hotuba.

"Siri ya mgonjwa," alisema, mkono kifuani, "ni kitu kitakatifu. Mtu akiingia hapa na ugonjwa wake, habari za ugonjwa huo hazivuki mlango ule. Umeelewa, binti?"

"Nimeelewa, Dokta."

Akanionyesha kabati la chuma ambamo rejista zote zilifungiwa. Lilikuwa kabati zuri, la kijivu, lenye kufuli kubwa. Ufunguo wake ulining'inia kwenye msumari ukutani, shubiri moja kutoka kwenye kufuli lenyewe, asije mtu akapata taabu ya kuutafuta.

Nilimsimulia baba nilivyopokewa. Baba alikuwa mtu wa maneno machache kwa sababu mdomo wake ulijaa pini muda wote. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa koti alilokuwa akilishona.

"Mimi nina daftari la vipimo," alisema. "Najua kiuno cha mke wa kila mkubwa aliyewahi kupita mtaa huu. Najua nani ananenepa, nani anakonda, na mara nyingine najua kwa nini. Umewahi kunisikia nikisema?"

"Hapana, baba."

"Basi kazi yako ni hiyo hiyo. Fundi anayetangaza kiuno cha mteja atamalizia maisha yake akishona magunia."

Aliamini kwamba zahanati ina adabu sawa na kibanda cha fundi cherehani. Baba alikuwa na imani kubwa mno kwa watu waliosoma.

Haikuchukua muda nikaona jinsi kitu kitakatifu kinavyosafiri. Mzee mmoja wa kanisa alikuja kunywa chai na Dokta, wiki chache kabla ya harusi ya mpwa wake. Bibi harusi alikuwa amepimwa kwetu. Dokta hakumwambia yule mzee kitu, maana siri ni siri. Alikoroga tu sukari, akaangalia dirishani, akauliza, "Kwani harusi hii mna haraka nayo ya nini?" Harusi ikavunjika. Dokta akasikitika sana alipopata habari, akashangaa watu wanavyopenda umbea.

Mwanzoni mwa mwaka 1992 akaja mkuu wa wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha sabuni. Alikuwa bwana mwenye tai fupi, aliyecheka kwanza ndipo aseme. Alituletea kila mmoja wetu miche miwili ya sabuni.

"Sisi tunawapenda wafanyakazi wetu," alisema. "Tunataka kuwapima afya, wote, bure."

Nani angekataa kupendwa? Wakaja kwa makundi, wakapanga foleni barazani na mikono ya mashati imekunjwa. Mmoja wao alikuwa jirani yangu. Simtaji jina. Nilikwisha kuliandika jina lake mara moja mahali lisipostahili kuandikwa, na inatosha. Mlango wa nyumba yake ulitazamana na wetu. Alikuwa mjane mwenye binti mmoja wa shule ya msingi, alinizidi miaka kama minane, na aliniita mdogo wangu. Kazi yake kiwandani ilikuwa kuviringishia miche ya sabuni karatasi, kutwa nzima, na alinukia sabuni hata siku za mapumziko.

Alipofika kwenye kaunta alininong'oneza, "Mdogo wangu, hii damu yetu wanaitafutia nini?"

"Malaria, dada. Na kama imepungua."

"Imepungua, niulize mimi. Wakiona hivyo basi waniongezee, maana mshahara wameshindwa."

Tukacheka. Sikumdanganya. Nilimwambia nilichoambiwa, na nilichoambiwa ndicho kilichokuwa uongo. Matokeo yaliporudi kutoka maabara, nilikuta safu ya tatu ambayo hakuna aliyeitaja barazani. Ilikuwa ya sida, ndivyo tulivyouita ukimwi siku zile kwa kufuata Wafaransa. Neno lenyewe watu walilisema kwa sauti ya chini, kama jina la mtu aliyesimama nyuma ya mlango.

Dokta aliniita. "Nakili hii kwa ajili ya kiwanda. Wale wenye chanya tu. Jina, idara, jibu."

"Kwa kiwanda, Dokta?"

"Aliyelipia vipimo ni nani? Matokeo ni ya aliyelipa."

"Na wenyewe?"

"Wenyewe wataambiwa kwa wakati wake, na mtu mwenye utaalamu wa kuwaambia. Hili si jambo la kutupiana. Wewe andika. Na uandike vizuri, barua hii inakwenda nje."

Nikaandika. Majina yalikuwa tisa, na la saba lilikuwa la jirani yangu. Ningependa kusema kwamba mkono ulitetemeka. Haukutetemeka. Nilisimamisha kalamu, nikalitazama jina, nikawaza mambo mawili matatu ambayo siyakumbuki, kisha nikaliandika kwa herufi zile zile zilizonipatia kazi. Nilipiga mistari kwa rula. Nikasubiri wino ukauke usije ukachafuka.

Bahasha ilipigwa mhuri mwekundu wa SIRI. Mkuu wa wafanyakazi alikuja kuichukua mwenyewe, akaifungua pale pale ukumbini mbele ya wagonjwa, akaisoma amesimama huku midomo ikicheza. Akacheka, halafu akasema, "Asante sana. Mwandiko safi."

Jumatatu iliyofuata kiwanda kiliwapa watu tisa barua za kuwaachisha kazi kwa sababu za kiuchumi. Uchumi ule ulikuwa na macho makali ajabu. Kati ya wafanyakazi wote uliwaona hao tisa tu, tena kwa kufuata mpangilio wa orodha yangu.

Hakuna aliyeambiwa sababu nyingine. Lakini wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, na kiwandani kata zilikuwa nyingi: karani aliyepiga chapa zile barua, mlinzi wa geti aliyeagizwa wasirudi kuingia, na mke wa mlinzi. Kufika Alhamisi habari ilikuwa imefika kwenye bomba letu la maji. Nilikuwepo. Jirani yangu alikuja na jerikani yake ya njano, akasimama mwisho wa foleni kama kawaida, na foleni nzima ikampisha mbele kwa adabu ambayo Biryogo haijawahi kuiona tangu bomba lile liwekwe.

"Pita, mama, pita chota."

"Mbona mimi nimefika sasa hivi?"

"Aa, wewe pita tu."

Akapita. Alichota. Alipoinama kuinua jerikani hakuna aliyemsaidia kujitwika, na alipoondoka, mwanamke mmoja aliyekuwa rafiki yake alilisuuza bomba kwa maji mengi kabla ya kuweka ndoo yake. Jirani yangu aligeuka, akamwona. Kisha akaniona na mimi. Nilikuwa nimesimama na ndoo tupu, na nilitazama chini kama mtu aliyeangusha sindano.

Siku mbili baadaye alikuja zahanati. Alivaa gauni lake la kanisani. Hakupanga foleni; alikuja moja kwa moja kwenye kaunta akaweka mikono yote miwili juu yake.

"Mkuu wa wafanyakazi alikuwa na karatasi mezani aliponipa barua," alisema taratibu. "Ilikuwa kichwa chini miguu juu kwangu, sikusoma vizuri. Lakini mwandiko niliujua. Ulinijazia fomu ya shule ya mtoto."

"Ndiyo, dada. Ni wangu."

Nilingoja kofi. Hakunipiga.

"Sikuja kugombana na wewe, mdogo wangu. Nimekuja kuambiwa. Mtaa mzima umeambiwa, kiwanda kimeambiwa, hata mlinzi wa geti, ambaye hajui kusoma, ameambiwa. Nimebaki mimi peke yangu. Sasa na mimi niambieni."

Nikamwita muuguzi mkuu, mama mmoja mpole ambaye kila Jumapili aliimba kwaya. Akasikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

"Pole sana, mama. Lakini majibu ni siri. Hatuyatoi hivi hivi kaunta."

"Ni siri ya nani?"

"Ya mgonjwa."

"Mgonjwa si ndiye mimi?"

"Ni wewe, ndiyo. Lakini mlikuja kupitia kiwanda. Lete barua ya mwajiri wako, tutakupa."

"Mwajiri amenifukuza."

"Hapo sasa," muuguzi alisema kwa uchungu, "ndipo penye tatizo."

Barazani watu walikuwa wametega masikio. Dokta naye alitoka ofisini mwake na kikombe mkononi, akauliza kwa Kifaransa kelele ni za nini, akaelezwa, akasema kwa Kinyarwanda kwamba zahanati yake ina misingi, na kwamba hawezi kuivunja kwa sababu mtu mmoja amepandisha sauti. Jirani yangu hakuwa amepandisha sauti hata kidogo. Dokta akarudi ofisini. Muuguzi akaenda kwenye sindano zake.

Nikautoa ufunguo kwenye msumari. Nikafungua kabati, nikachukua rejista, nikampeleka jirani yangu kwenye chumba kidogo tulichopimia uzito wa watoto, nikafunga mlango. Niliiweka rejista mezani nikaigeuza ikamwelekea yeye.

"Huu hapa mstari wako, dada."

"Nisomee. Macho yangu leo hayasomi."

Nikamsomea. Malaria, hapana. Damu, imepungua kidogo. Sida, chanya.

"Soma tena hiyo ya mwisho."

Nikasoma tena. Alikaa kwenye kiti cha akina mama, karibu na ile mizani ya watoto. Nilikuwa karani, sikuwa yule mtu mwenye utaalamu aliyesubiriwa na ambaye mpaka leo hajafika.

"Na binti yangu?" aliuliza.

"Hakupimwa, dada. Sijui."

"Marehemu mume wangu walisema ni kifua." Akatazama mikono yake. Halafu, jambo lililonishangaza, akacheka kidogo. "Ndiyo maana bwana yule alinipa barua kwa kuishika na leso. Nikadhani ana mafua."

Kisha akalia. Nililia na yeye, ingawa najua mimi sikuwa na haki ya kulia pale. Alipomaliza alifuta uso, akanyoosha gauni, akatoka kwa mlango wa mbele akipita katikati ya watu.

Mchana ule ule Dokta aliniita. Hasira zake zilikuwa za mtu aliyenajisiwa hekalu.

"Umetoa siri ya mgonjwa!"

"Nimempa mgonjwa, Dokta."

"Umeitoa bila idhini! Kwa mtu asiyehusika!"

Nikapewa barua ya onyo kali. Kwa kuwa mwandiko wa Dokta hakuna aliyewahi kuusoma isipokuwa mwenye duka la dawa, tena kwa kubahatisha, alinisomea maneno nikaiandika mwenyewe, nakala mbili, kwa usafi. Nilijionya kwamba nisirudie kamwe kuvujisha habari za mgonjwa nje ya zahanati. Nikajisainia.

Jirani yangu aliniomba nimwandikie malalamiko kwa ofisi inayoshughulikia mambo ya kazi. Wale wengine wanane tuliwafuata majumbani; wawili walikubali kuweka saini, wengine walitufungia mlango, na siwalaumu. Majibu yalikuja upesi kuliko tulivyotarajia. Ofisi ilipokea malalamiko kwa moyo mkunjufu, na ili iyafanyie kazi iliomba kila mlalamikaji aambatishe cheti cha daktari kinachoeleza ugonjwa wake kwa ukamilifu, nakala tatu, za kugawiwa idara zinazohusika.

Nilimsomea. Aliikunja ile barua mara nne.

"Yaani niwape tena? Wa kwanza waliiba. Hawa wanataka niwaletee kwa mkono wangu."

Hakuijibu. Baada ya mvua za masika akahama. Aliuza kitanda kikubwa, akamchukua mtoto, akaenda Kabuga, upande wa mashariki ambako barabara inatoka mjini, mahali ambapo hakuna aliyemjua wala aliyempisha kwenye foleni. Akaanza kuuza sokoni nguo za mitumba, zile tunazoziita chaguwa.

Mimi nilibaki zahanati miezi michache zaidi. Kisha mwajiri mwingine akawapenda wafanyakazi wake, na Dokta akaniita na karatasi nyingine. Nilimwambia mkono unauma. Alinihurumia, akanipa dawa ya kuchua. Wiki iliyofuata nikamwambia mkono hauumi, ila hauandiki orodha. Akanitazama kama mtu anayetazama kiti kilichosema. Hakunifukuza. Alinunua taipureta. Nikaondoka mwenyewe, nikarudi kwa baba kupiga vifungo, na baba hakuniuliza kitu mpaka nilipotaka kumweleza mwenyewe.

Dhihaka yangu ina mwisho, na mwisho wake ni mwaka 1994. Mwaka ule mji wetu ulijua orodha ya majina inaweza kufanya nini mikononi mwa watu wanaotafuta nyumba za watu. Hayo siyasimulii hapa. Nasema tu kwamba wakati huo nilikumbuka jinsi nilivyopiga mistari kwa rula.

Lakini kabla ya hapo palikuwa na Kabuga. Nilikwenda mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 1992, kwa basi, na nusu kilo ya sukari kwenye mkoba. Nilimkuta amekonda, lakini anasimama. Alikuwa anapanga mashati kwa rangi kama mtu mwenye duka la maana. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Niliyasema vibaya.

"Dada, nisamehe."

Aliendelea kupanga mashati. "Uliandika," alisema. "Halafu ulinisomea. Yote mawili nayakumbuka. Kaa, kunywa chai."

Nikakaa. Hakunipa zaidi ya hapo, na nilishukuru kwa kiasi nilichopewa.

Mwenye nyumba aliyempangisha alikuwa mama mkulima, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Siku hiyo hiyo, tukiwa uani tunachambua maharage, jirani yangu alimgeukia bila utangulizi wowote.

"Mama, kuna jambo nataka ulijue, na nalisema mimi. Nina sida. Mume wangu ndiyo iliyomuua. Huku Kabuga hakuna anayejua ila huyu mgeni, na sasa wewe."

Nilitazama bomba, nilitazama ndoo, nilitazama mlango. Yule mama aliweka ungo chini.

"Na nani anakubebea marobota ya sokoni?"

"Nabeba mwenyewe."

"Basi acha. Nitamwambia mwanangu wa kiume akusaidie. Nitamwambia una maumivu ya mgongo."

"Mwambie nina mgongo."

"Mtoto anajua?"

"Bado. Nitamwambia akifikisha umri."

"Haya." Akauinua ungo akaendelea kupepeta.

Kwa jumla nilikwenda Kabuga mara tano au sita. Umri ule wa binti kuambiwa haukufika. Jirani yangu alifariki mwishoni mwa mwaka 1993, nyumbani, juu ya kitanda kidogo, na yule mama ndiye aliyemwosha. Binti alichukuliwa na shangazi yake wa Niboye. Siku moja kabla ya kufariki, mama yake alikuwa amemwambia mwenyewe, kwa maneno yake, na hakuna mwingine aliyekuwemo chumbani.

Kwenye maziko walikuja watu wa sokoni, wengi kuliko nilivyodhani. Wakati kaburi linafukiwa, mwanamke mmoja nyuma yangu alimwegemea yule mama mwenye nyumba akauliza kwa sauti ya huruma, ile ninayoijua vizuri, "Kwani hasa alikuwa anaumwa nini, maskini?"

Yule mama hakugeuka, wala hakupunguza ile sauti yake ya kuita ng'ombe.

"Kwani wewe ndiye uliyekuwa unaumwa?"

Wanaume wakaendelea kufukia.